Mkono wa Bimdogo na Uji wa Kombe

Pale Mwaloni, Kirumba, hakuna anayemwita Bimdogo kwa jina lake. Wanamwita Mama Kilima, na si kwa sababu ya umbo, ingawa na hilo nalo limo kidogo. Ni kwa sababu ya sado yake, ile ndoo ndogo ya plastiki ambayo soko zima linapimia dagaa. Wenzake wanaijaza mpaka ukingoni, wanapitisha kiganja juu, basi, biashara imekwisha. Bimdogo akifika ukingoni ndipo anaanza kujenga. Anajenga kilima, anakipigapiga pembeni kisibomoke, anakiwekea kilele, na mteja akishafungua mfuko wake anamtupia konzi moja ya mwisho. "Hiyo ya watoto," anasema. Mteja asiye na mtoto naye anapewa ya watoto.

Miaka ishirini na nane anauza dagaa, na hajawahi kumpimia mtu sawasawa na ukingo. Kwake yeye hilo ni tusi, ni sawa na kumkaribisha mgeni mezani halafu ukamhesabia matonge. Wateja wa Sengerema wanavuka ghuba kumfuata yeye tu. Wa Shinyanga wanamwachia magunia ayajaze wakati wao wako mgahawani wanakunywa chai, na wakirudi hawafungui kuangalia. Wenzake wanamnung'unikia kwamba anaharibu soko, naye anawajibu kwamba kizuri chajiuza.

Sifa yake ya pili ni pua. Bimdogo hasomi karatasi ya mzigo wala hasikilizi maneno ya mwenye mzigo. Anamchukua dagaa mmoja katikati ya gunia, anamvunja, ananusa tumbo, anatafuna kichwa taratibu huku anaangalia juu, kisha anakwambia dagaa huyo alianikwa juu ya mwamba kule Ukara, au juu ya chanja, au mchangani na mtu mvivu aliyemwacha akanyeshewa usiku kucha. Hajakosea hata mara moja, au kama amekosea basi walioona wameamua kunyamaza kwa usalama wao.

Sasa mwanamke wa namna hiyo, mtu wa soko na wa ziwa tangu utotoni, ndiye Mungu alimpa mume anayefuga bahari.

Mumewe anaitwa Farouk, fundi wa vioo, mtu mpole wa maneno machache na vidole vyenye makovu mengi. Miaka sita iliyopita aliitwa Dar es Salaam kwenda kubomoa tangi kubwa la samaki katika hoteli iliyokuwa inafungwa. Wenye hoteli wakamwambia achukue akitakacho. Fundi mwenye akili zake angechukua kioo. Farouk alirudi Mwanza na sanduku la barafu mapajani, na ndani yake, badala ya barafu, kulikuwa na maji ya chumvi, vipande vya matumbawe vilivyokuzwa humo hotelini, na kombe mmoja mdogo, akiwa amejifungia katika magamba yake mawili kama mtu aliyenuna.

Akawatengenezea tangi la futi tano, kioo kinene, taa za buluu juu, mashine ya kusukuma maji nyuma. Akaliweka sebuleni, mahali lilipokuwa kabati la vyombo. Kabati likahamia ukumbini, ambako hadi leo mtu akipita gizani anagonga goti.

"Baba Safia," Bimdogo alimwambia siku ile, "ziwa hilo hapo. Ukitema mate yanaangukia humo. Sasa bahari ya nini?"

"Ziwa nimeliona tangu nizaliwe," Farouk alijibu.

Kwa haki ya Mungu lilikuwa zuri. Matumbawe yalikuwa yakipepea kama vidole vya mtu anayeita. Kulikuwa na minyoo inayotoa mashada ya manyoya, na samaki wawili wa rangi ya machungwa wasiochoka kugombana. Na katikati, juu ya jiwe, alikaa kombe, ambaye sasa alikuwa ametanuka kufikia kiganja cha mtu mzima, na midomo yake ilikuwa ya buluu yenye madoa ya kijani, buluu ambayo hata duka la vitenge la Makoroboi huipati. Ukipita mbele ya taa kivuli kikamwangukia, alijifunga ghafla, kama mtu aliyekutwa akisengenya.

Bimdogo hakutaka kumwona. Tangi lilikula umeme, lilikula chumvi ya kuagizwa, lilikula maji yaliyochujwa mara mbili wakati yeye na mumewe walikunywa yaliyochemshwa tu. Kombe alikuwa na chakula chake cha chupa, kijani kibichi, kinachokaa kwenye jokofu mahali pa maziwa. Na jioni, Farouk akitoka kazini, alianza kumsalimu nani? Bimdogo aliliita tangi lile "mke mwenzangu", na hakuliita kwa siri. Mtaa mzima ulijua, soko lilijua, hata imamu alijua. "Siku mke mwenzangu akifa," alizoea kusema, "nitapika pilau." Tena alisema mwaka baada ya mwaka, kwa sauti ya mtu aliyezoea kunadi bidhaa.

Maneno ni mepesi kuyatoa. Kuyarudisha ndiyo kazi.

Mwaka huu Farouk akapata nafasi ya kwenda Hijja. Asubuhi ya safari, nyumba imejaa watu, alimshika mkewe mkono akampeleka mbele ya tangi. Akamwonyesha taa, akamwonyesha mashine, akamwonyesha jinsi ya kuchanganya chumvi. Mwisho akafungua jokofu akatoa chupa ya kijani.

"Huu ndio uji wake. Hao wengine wakikosa siku mbili watavumilia. Kombe angalia midomo. Akifunga siku moja, msamehe. Akifunga wiki, basi." Akamkabidhi chupa mkononi. "Bimdogo, nakuachia amana."

Alikuwa amemwita kwa jina, jambo ambalo hakulifanya tangu Safia, binti yao, azaliwe. Na mtu anayekwenda kwenye Nyumba ya Mungu akikuachia amana, huwezi kumwambia mpe jirani. Bimdogo akala yamini palepale, mbele ya mashangazi wawili, kwamba mumewe atamkuta kombe akiwa hai kama alivyomwacha.

Basi limeshaondoka kwenda uwanja wa ndege, ndipo hesabu ikamjia. Kombe akifa mikononi mwake, nani ataamini kuwa ni bahati mbaya? Miaka sita amemtangazia kifo hadharani. Mtaa utauliza pilau linapikwa saa ngapi. Lakini mtaa si kitu, mtaa alikuwa ameuzoea. Aliyemtisha ni Farouk. Farouk hatagomba. Atasema "Alhamdulillahi", ataondoa maji kwa mpira, atarudisha kabati mahali pake, na mpaka siku ya kufa hatajua kwa hakika kama mkewe alifanya makusudi au hakufanya. Hilo ndilo Bimdogo aliona hawezi kuishi nalo.

Siku nane zilikwenda salama. Ya tisa umeme ukakatika, ukakaa siku mbili. Mashine ya hewa ilikuwa na betri yake, Farouk hakuwa mjinga, ila jokofu halikuwa nayo. Umeme uliporudi Bimdogo alifungua chupa ya uji akainusa kama anavyonusa kila kitu. Ikamnukia mtaro wa nyuma ya machinjio. Akaifunga, akaifungua tena kuhakikisha, akajuta.

"Mbona unahangaika?" alisema Sabina, jirani yake wa kizimba pale Mwaloni, Mjita mwenye ulimi mkali na moyo laini. "Nenda pale ufukweni, maji ya kijani yamejaa tele, hujaona? Chota ndoo, mmwagie. Bure kabisa."

"Sabina, cha ziwa ukikitia kwenye chumvi unafanyaje?"

"Unakausha."

"Basi. Kinafia humo humo, halafu kinaoza. Mimi nataka chakula, wewe unaniletea msiba."

Hapo hakuwa amesoma popote. Alikuwa amefikiri kama muuza samaki, na kwa bahati muuza samaki alikuwa sahihi. Hilo lilimpa kiburi kidogo, na kiburi hicho tutakiona kilikompeleka.

Aliyekuwa na uji wa namna ile Mwanza nzima ni mtu mmoja, Mwalimu Rutashobya wa Nyegezi, Mhaya, mstaafu wa baiolojia, Mlutheri wa kiti cha mbele, ambaye naye alikuwa na tangi la chumvi na ndiye aliyekuwa rafiki wa Farouk katika ugonjwa huu. Bimdogo alimkuta barazani amevaa tai. Siku ya Jumanne, nyumbani, amevaa tai.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Safia. Karibu sana. Kabla hatujasema lolote." Akamletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna ya Bukoba, maana nyumbani kwa Mhaya mgeni hasemi shida mdomo ukiwa mtupu. Bimdogo akatia punje mbili mdomoni, akaeleza.

Mwalimu alifurahi kama mtu aliyeombwa kutoa hotuba. Akampeleka ndani, akampangia vyakula vitatu mezani, akasimama nyuma yake na mikono mgongoni.

"Hivi vyote, Mama Safia, ni fitoplanktoni. Mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho, inayoelea kwenye maji. Tuseme ndiyo majani ya baharini. Na kombe ndiye mbuzi wake. Kombe anavuta maji, anachuja, anabaki nayo. Sasa, chakula namba moja ni unga, umekaushwa, unaukoroga. Namba mbili," hapo akanyanyua chupa nzuri yenye karatasi ya dhahabu, "ni ya kimiminika, ya Ulaya. Mimea yake imekufa lakini imehifadhiwa. Ina mafuta yote mazuri. Ndiyo ninayotumia mwenyewe. Namba tatu ni hii hapa ninayokuza dirishani, ikiwa hai." Dirishani kulikuwa na safu ya chupa za soda, kijani kitupu, zinachemka mapovu kwa vimipira vyembamba. "Hii ni rahisi, ila ina usumbufu. Inakaa baridini, unaitikisa kila siku, la sivyo inazama chini na kufa. Kwa mtu asiye na uzoefu ningeshauri namba mbili. Soma hapa nyuma, wameeleza..."

Bimdogo hakuwa anasoma. Alikuwa ameshafungua unga, ametia pua.

"Dagaa wa mwaka juzi," alisema. "Hana kosa, ila hana kitu."

Akafungua ya karatasi ya dhahabu. Kichwa kikarudi nyuma chenyewe.

"Mwalimu, hii imekufa na haijazikwa."

"Hapana, hapana, Mama Safia. Ndiyo harufu yake ya kitaalamu."

"Mwalimu, miaka ishirini na nane nanusa. Kitu cha majini kina harufu mbili tu, ya uzima na ya uozo. Nusa."

Mwalimu Rutashobya, ambaye kwa miezi miwili alikuwa akilalamika kwamba sifongo hai za tangini mwake zinanyauka na kuzilaumu taa, akanyanyua chupa yake ya Ulaya akanusa, pengine kwa mara ya kwanza tangu ainunue. Kila siku alikuwa amesoma tarehe iliyoandikwa nyuma, na tarehe ilikuwa bado. Akanusa tena. Akaiweka chini polepole akalegeza tai.

"Sasa nusa hii," Bimdogo alisema, akimpa chupa ya dirishani, kana kwamba ni yeye mwenye nyumba. "Si unasikia nyasi zilizokatwa asubuhi? Na chumvi kwa mbali nyuma yake? Hiki ni chakula. Nipe hiki."

Mwalimu alimjazia chupa nzima, na kwa heshima aliyokuwa nayo kwa pua ile hakutaka chochote. Akamsindikiza mpaka barabarani akirudia agizo moja: "Kijiko kimoja cha chai. Sawasawa na ukingo. Leo unampa, kesho unamwacha. Sehemu kubwa ya chakula chake kombe anaipata kwenye taa, huu ni wa kujazia tu. Umenielewa? Sawasawa na ukingo."

"Ndiyo, Mwalimu," aliitikia Bimdogo, kama wanavyoitikia watu wote wanaoagizwa na walimu.

Siku ya kwanza alijitahidi. Alishika kijiko juu ya tangi, uji wa kijani umekaa sawasawa na ukingo, akamtazama kombe, na aibu ikamshika usoni. Kijiko! Kwa mtu mwenye midomo mipana kiasi kile! Na mumewe hayupo, na amenyimwa kwa siku mbili kwa sababu ya umeme! Akamimina kijiko. Mkono ukabaki pale juu, hautaki kurudi. Ukarudi kwenye chupa wenyewe, ukaleta kingine.

"Hiyo ya watoto," Bimdogo akamwambia kombe.

Na jamani, kombe akatanua. Naapa, au labda ni yeye Bimdogo angeapa, midomo ile ya buluu ilijitandaza mpaka ikafunika magamba, ikawa inacheza kwenye maji. Bimdogo alisimama pale kwa robo saa nzima. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita alivuta kiti. Basi kesho yake, ambayo ilikuwa siku ya kuacha, hakuacha. Keshokutwa aliona kijiko kinachosha, akatumia kikombe cha kahawa. Siku iliyofuata alitoa kikombe asubuhi na kikombe jioni, maana hata wagonjwa wa hospitali wanakula mara mbili. Uji ulipopungua alituma kwa Mwalimu akaletewa chupa nyingine, na Mwalimu, akidhani ile ya kwanza imemwagika, hakuuliza.

Siku ya sita asubuhi aliamka akakuta tangi limekuwa mchuzi wa kisamvu. Samaki wawili walikuwa juu kabisa, wanagugumia hewa, hawana hata nguvu za kugombana. Matumbawe yalikuwa yameingiza vidole ndani. Na kombe alikuwa amefunga. Bimdogo alitikisa mkono mbele ya taa, akagonga kioo kwa pete, akamwita. Kombe hakufungua hata ufa.

Bimdogo akakaa chini sakafuni akalia. Alilia kwa sauti kabisa, akiwa bado na kanga ya kulalia, na kitu kilichomuumiza kuliko vyote ni kwamba alikuwa ameanza kumpenda.

Mwalimu Rutashobya alipigiwa simu, akafika kabla ya saa tatu. Alitazama tangi, akatazama kikombe cha kahawa kilichokuwa pembeni kikiwa na utando wa kijani.

"Mama Safia, ulipima vipi?"

Bimdogo aliinuka sakafuni. Akaonyesha. Akachukua kikombe, akaigiza kukijaza, na hata katika kuigiza mkono wake uliongeza kidogo juu. Mwalimu alijaribu kujizuia, akageukia ukuta, mabega yakaanza kutikisika, na mwisho akacheka mpaka akatoa leso.

"Nisamehe," alisema akifuta macho. "Nisamehe sana. Sikiliza. Huyu si mteja. Ukimpa kidogo hatahamia kizimba cha jirani. Anachokiacha kinabaki kwenye maji, kinaoza, kinakula hewa yao wote. Umechagua chakula bora Mwanza nzima, tena umenifundisha na mimi. Halafu umewazamisha ndani yake."

"Atapona?"

"Sijui," alisema Mwalimu, na kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa neno gumu.

Wakavua viatu wakaanza kazi. Walitoa maji robo ya tangi, wakachanganya chumvi, wakarudisha mapya polepole. Kesho yake robo nyingine, na keshokutwa hivyo hivyo. Dawa iliyobaki, Mwalimu alisema, ni kutompa kitu. Wiki nzima, hata tone.

Kumwaga maji na kubeba ndoo, hilo Bimdogo aliliweza bila shida. Lakini kukaa mbele ya mgonjwa mikono mitupu, usimpe kitu, umtazame tu, hiyo ilikuwa adhabu asiyowahi kuipata maishani. Mara mbili alifika kwenye jokofu akiwa hajui miguu imemfikishaje. Mara ya pili alichukua chupa akaenda kumkabidhi jirani, akamkataza asimrudishie hata akija kwa machozi. Na kweli alikwenda kwa machozi siku hiyo hiyo saa kumi, na jirani, Mungu ambariki, alifunga mlango.

Sokoni hakwenda. Sabina akaja kumwangalia, akamkuta kwenye kiti mbele ya kioo, sahani ya chakula chake mwenyewe imepoa pembeni.

"Mama Kilima! Yaani umefunga kizimba kumuuguza mke mwenzio?"

"Sabina, usinichekeshe."

Sabina akakaa. Akatazama kombe aliyefunga, akatazama uso wa rafiki yake, na utani ukamwisha. "Sasa mbona unajiua? Umeme si ulikatika? Mwambie mzee umeme ulikatika, uji ukaharibika, kombe akazimia. Mbona ni kweli nusu. Nani atabisha?"

Lilikuwa wazo zuri. Bimdogo aligeuzageuza wazo lile asubuhi nzima kama anavyogeuza dagaa. Hata Farouk mwenyewe, alipopiga simu siku ya kwanza ya msiba huu akauliza, "Kombe hajambo?", yeye alikuwa amejibu, "Yupo." Na kweli alikuwepo. Neno lile moja lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa sato tangu siku hiyo. Mtu yuko kwenye ardhi takatifu, anakuombea dua, na wewe unampunja ukweli. Bimdogo, ambaye hajawahi kumpunja mtu hata konzi.

Simu ilipoita tena ilikuwa alasiri, kesho yake ilikuwa siku ya Arafa. Sauti ya Farouk ilitoka mbali, na nyuma yake watu kama nzige.

"Baba Safia, nisikilize, usinikate. Kombe nimemlisha kupita kiasi. Si umeme, ni mimi. Mwalimu aliniambia kijiko, mimi nikampa vikombe. Maji yalichafuka, amefunga mdomo siku ya nne leo. Najua nilivyokuwa nikisema. Najua nilisema pilau. Lakini Wallahi sikufanya kwa makusudi."

Alisikia pumzi ya mumewe, akasikia ameanza kusema, "Bimdogo, mimi..." na mtandao ukakatika. Alipiga mara kumi na moja. Haukushika tena siku ile, wala ya pili, na baada ya hapo Farouk akawa Mina katika bahari ya watu na simu imeishiwa chaji. Alipokuja kupatikana alikuwa akitumia simu ya mwenzake, akaongea na nyumba nzima kwa dakika moja, habari za afya na siku ya kurudi. Kombe hakumtaja.

Kombe alifungua siku ya saba. Ufa tu, upana wa ukucha, na ndani yake uzi wa buluu. Bimdogo alimwona alipokuwa akitoka kuswali alfajiri, na hakupiga kelele, aliogopa asimshtue. Ilimchukua kombe siku nyingine nne kutoa midomo yote. Ndipo jirani aliporuhusiwa kurudisha chupa. Bimdogo akainusa, akaitikisa, akajaza kijiko cha chai, akapitisha mgongo wa kisu juu ya ukingo, akamimina. Kisha akakalia mkono wake wa kulia, kabisa, chini ya paja, mpaka hamu ikapita.

Farouk alirudi Alhamisi. Nyumba ilijaa tangu asubuhi, wajomba, wateja, Mwalimu Rutashobya na tai yake, watoto wakigombea tende. Haji akakumbatiwa, akaliliwa, akagawa maji ya Zamzam kwa vikombe vidogo, akasimulia jua la huko. Bimdogo alipita na sinia akitoka na kuingia, akijifanya ana kazi nyingi jikoni. Alimwona mumewe akiinuka katikati ya maneno ya watu, akivuka sebule, akisimama mbele ya tangi. Akaweka sinia chini akamfuata. Alikuwa na hotuba aliyoitunga siku kumi na tano, na hakukumbuka hata neno moja la hotuba ile.

Kombe alikuwa wazi. Maji yalikuwa meupe mpaka nyuma. Farouk aliinama akatazama kwa muda mrefu.

"Baba Safia," alisema mkewe kwa sauti ndogo, watu wasisikie. "Siku ile mtandao ulikatika. Uliniamini?"

Farouk hakugeuka mara moja. "Nilikaa nalo usiku mzima wa Muzdalifa," alisema. "Nikasema, kama angeniambia kombe ana njaa, amesahauliwa, ningeumia, na ningekuwa na shaka mpaka leo. Lakini umemlisha mpaka akazama." Akaanza kucheka taratibu, machozi yakimtoka humo humo kwenye kicheko. "Mke wangu namjua. Unayemchukia ungempimia sawasawa na ukingo."

Bimdogo alivuta mtandio akafunika uso. Nyuma yao waliita tende, waliita chai, waliita mwenye nyumba. Hakwenda. Alisimama pale mpaka pumzi ikamrudi, kisha akamsukuma mumewe kwa kiwiko.

"Haya, sogea hapo," alisema. "Unamzibia taa."